Mtumiaji

mtumiaji nm (ngeli ya A-/WA-; wingi: watumiaji)

Maana

1. Mtu anayetumia kitu, mahali au huduma: *watumiaji wa barabara ya Musoma–Bunda; watumiaji wa maji ya ziwa.*
2. (teknolojia) Mtu anayeutumia mfumo, kifaa au programu, akitofautishwa na aliyeusanifu: *menyu ibuniwe kwa kumzingatia mtumiaji.*

Asili ya neno

Mzizi ni -tum-. Kitenzi *tuma* katika kauli ya kutendea huzaa *tumia*, ingawa msemaji wa leo haihisi tena maana ya kumtuma mtu ndani ya neno hilo. Mzizi huohuo umezaa *mtume* na *mtumwa*, ambao hutumwa, pamoja na *mtumishi*, ambaye hutumika (k ya *tumika* hugeuka sh mbele ya kiambishi tamati -i). Katika ukoo huu mtumiaji ndiye anayetenda: kifaa ndicho kinachotumiwa naye. Mfumo unaomlazimu kuhangaika ili uridhike umegeuza uhusiano huo.

Maneno ya kutofautisha

*Mteja* hununua au huingia makubaliano. *Mtumiaji* hutumia, awe amelipa au hajalipa. Mjukuu aliye Mwanza akimnunulia umeme bibi yake wa Butiama, mjukuu ndiye aliyefanya malipo, lakini bibi ndiye mtumiaji, kwa kuwa ndiye atakayesimama mbele ya mita na kubonyeza namba. *Mlaji* hutumika zaidi katika biashara na sheria, kama katika *kumlinda mlaji*. Wafasiri wasiyabadilishe maneno haya matatu kiholela ndani ya matini moja.

Katika usanifu wa mifumo

Dhana ya kubuni teknolojia kwa kuanzia kwa watu watakaoitumia huelezwa kwa tungo mbili: *usanifu unaomlenga mtumiaji* na *usanifu unaomzingatia mtumiaji*. Ya pili inafaa zaidi. *Lenga* humfanya mtu kuwa shabaha, na matangazo ya biashara pia humlenga mtu. *Zingatia* hudai kwamba hali yake imefikiriwa na kutiliwa maanani.

Mfano wa karibu ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza nchini Kenya mwaka 2005 kwa lengo la kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Washiriki waliitumia kwa njia ambazo hazikukusudiwa, ikiwamo kutumiana fedha wao kwa wao. Wasanifu walifuata mwenendo huo, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 ilijengwa juu ya kutuma pesa nyumbani. Ilifika Tanzania mwaka 2008. Watumiaji walichangia kuamua huduma iwe nini.

Mifano ya matumizi na athari zake

*Istilahi.* Kamusi zina *nywila*, nalo ni neno halali. Hata hivyo, mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Mwigobero, Musoma, anajua *namba ya siri*, kwa sababu ndiyo anayoulizwa na simu yake kila anapotoa pesa kwa wakala. Katika mkoa wenye Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikuria na lugha nyingine, Kiswahili kwa wazee wengi ni lugha ya pili. Neno lisilosikika sokoni huwa kikwazo kwao hata likiwa sanifu.

*Ujumbe wa kosa.* Jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, limebeba kitenzi chetu. Namba ya kuingiza kwenye mita ina tarakimu 20. Mtumiaji akiruka moja, ujumbe *ingizo batili* haumwelezi la kufanya. *Namba haijakamilika, ingiza tarakimu 20* humwelekeza. Wa kwanza humwachia lawama, wa pili humwonyesha njia.

*Saa.* Hapa kosa dogo huwa na gharama kubwa. Mfumo ukichapa 06:00 kwenye tiketi ya basi la kutoka Musoma kwenda Dar es Salaam, abiria aliyezoea saa za Kiswahili aweza kusoma *saa sita* na kufika kituoni adhuhuri, saa sita baada ya basi kuondoka. Nauli imepotea, na huenda miadi ya hospitali pia. Kinyume chake, *saa 12:00* peke yake humpoteza aliyezoea saa za Kizungu. Andika: *saa 12:00 alfajiri (06:00)*. Neno la kipindi cha siku, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, lisiachwe hata nafasi kwenye skrini ikiwa finyu.

Tanbihi ya matumizi

Tungo *kosa la mtumiaji* itumike kwa uangalifu. Abiria aliyesoma 06:00 kuwa saa sita amesoma sawasawa kwa kanuni za lugha yake. Mfasiri anayeandika *kosa la mtumiaji* katika taarifa ya aina hiyo ametoa hukumu, si tafsiri tu. Kabla ya kulichagua neno, mpe maandishi mtu mmoja asiyehusika na mradi, mwombe ayasome kwa sauti, kisha aeleze atakachofanya. Akikosea, rekebisha maandishi.

Linganisha: mteja, mlaji, mtumishi, tumika, usanifu.