Bahasha, Posta na Barua ya Msiri

Kabla ya mwaka 1840, bahasha ilikuwa anasa nchini Uingereza. Nauli ya barua ilikadiriwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Hivyo karatasi ya kufunikia ilihesabiwa kuwa ya pili, na malipo yakawa maradufu. Wengi waliikunja barua yenyewe, wakaipiga lakiri na kuandika anwani mgongoni. Mageuzi ya Rowland Hill yalipoweka peni moja kwa nusu aunsi, bahasha ikapata soko. Mwaka 1845 nduguye, Edwin Hill, pamoja na Warren De La Rue, walipata hataza ya mashine ya kukunjia bahasha.

Lakini bahasha hulinda siri pale tu penye posta ya kuilinda. Dola Huru ya Kongo ilijiunga na Umoja wa Posta wa Dunia mwaka 1886. Hata hivyo, katika Garenganze, dola ya Msiri iliyoenea hadi nchi ya Shinkolobwe, barua zilitegemea miguu ya tarishi. Mwaka 1891 Msiri alimwandikia Alfred Sharpe, Mwingereza ambaye mwaka uliotangulia alimkatalia mkataba, akimtaka arudi. Msafara wa Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Léopold, uliinasa barua hiyo njiani. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo Msiri aliuawa Bunkeya, na Katanga ikaangukia mikononi mwa Léopold.

Kwa hiyo, historia ya bahasha si ya karatasi na gundi pekee, bali pia ni ya mamlaka: nani anaruhusiwa kuifungua.