Nani Aliyejenga Shule? Mifuko Mitatu ya Elimu Vijijini Kilimanjaro

Tunapozungumza habari za elimu katika nchi yetu, tumezoea kusema kwamba shule zililetwa na wamisionari na kwamba serikali ya kikoloni ilisaidia kidogo. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini haujibu swali ambalo kila mwenye kutunza mali ya watu hana budi kulijibu: nani alilipa? Tukiifuata fedha ya shule za vijijini katika wilaya moja tu, ile ya Moshi, tunaona mifuko mitatu. Miwili iliandikwa vitabuni. Wa tatu haukuandikwa, na ndio uliobeba mzigo mrefu kuliko yote.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1891, na Waluteri wa Leipzig wakaanza kazi Machame mwaka 1893. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule zake, hasa pwani, kwa kuwa ilihitaji makarani na maakida wa kuisaidia kutawala. Huku mlimani, kufundisha watoto wa vijijini kuliachiwa zaidi misheni. Fedha iliyotoka kwa Wakristo wa Ulaya iliwatunza wamisionari na kujenga vituo vikubwa. Shule ndogo za mitaani zilikuwa jambo jingine. Hizo zilisimama kwa miti na nyasi za wenyeji, na mwalimu wake alikuwa kijana wa hapo hapo, aliyejifunza kusoma miaka michache kabla ya wanafunzi wake. Alilipwa kidogo sana. Chakula chake kilitoka kwenye kihamba chake.

Uimara wa shule hizo ulipimwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na fedha ya Leipzig ikakatika pamoja nao. Kama mfuko wa kwanza ndio uliokuwa msingi, shule za Kiluteri zingekufa mwaka ule. Hazikufa zote. Walimu wenyeji na wazee wa sharika walishika ibada na masomo mpaka walipokuja Waluteri wa Marekani, na baadaye Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, kuanzia mwaka 1925. Hatuna sababu ya kulifanya jambo hilo kuwa hadithi ya mashujaa. Masomo yalidhoofika na walimu wengine waliacha kazi. Lakini waliobaki walibaki bila mshahara wa uhakika, na hilo linatuonyesha shule zile zilikuwa zimekwisha kuwa za nani.

Mfuko wa pili ulikuwa wa serikali. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilihimiza serikali na misheni zishirikiane. Mwezi Oktoba 1925 pande hizo mbili zilikutana Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu. Misheni ingepewa ruzuku kwa shule zilizofuata mtaala wa serikali, zilizokubali mkaguzi, na zilizokuwa na walimu wenye vyeti vinavyotambuliwa.

Utaratibu huo ulikuwa na faida. Uliinua mafunzo ya walimu na ukawapa baadhi yao mshahara ulioweza kutegemewa. Lakini tuangalie ulivyofanya kazi. Fedha ilifuata cheti, na cheti kilipatikana vituoni, karibu na vyuo vya walimu. Shule iliyokwisha kuwa na nguvu iliongezewa nguvu. Zile ndogo za mbali, ambazo wakubwa waliziita shule za porini, zilikaa nje ya ruzuku, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa mwinjilisti au katekista asiye na cheti. Na huko ndiko walikokuwa watoto wengi.

Tena fedha hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya mapato ya serikali yaliyotoka kwa Waafrika ilikuwa kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Aliyelipa ni Mkristo, ni Mwislamu, ni mzee aliyefuata dini ya babu zake. Karani hakuuliza mtu anasali wapi. Ruzuku ilipotoka, ilikwenda kwenye shule za misheni, na shule hizo zilikuwa pia mlango wa ubatizo. Mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili ngumu: ampeleke mtoto mahali ambapo angefundishwa dini nyingine, au amwache bila shule. Manung'uniko ya ndugu zetu Waislamu juu ya elimu ya wakati ule yana msingi katika hesabu hii. Kanisa linaloshukuru kwa shule zake halina budi kuisoma hesabu yote, pamoja na mstari wa jirani aliyechangia bila kupata.

Miaka ya 1930 ilileta jaribu jingine. Bei za mazao zilianguka dunia nzima, serikali ikapunguza matumizi yake, na elimu ilikuwa kati ya mambo ya kwanza kupunguziwa. Kisha vita ya pili ikawaondoa tena wamisionari wa Kijerumani. Mara mbili katika kizazi kimoja, mfuko wa Ulaya ulifungwa. Kilichobaki mlimani ni watu na kahawa yao. Wachaga walikuwa wameanza kujiunga pamoja kuuza kahawa tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha ushirika cha KNCU. Mzazi aliyeuza kahawa aliweza kulipa ada. Mpango wa elimu wa miaka kumi ulipoanza mwaka 1947, serikali za wenyeji nazo zilitakiwa kubeba sehemu ya gharama za shule za msingi. Wilaya zenye zao la biashara ziliweza; wilaya maskini zilibaki nyuma. Tofauti hiyo tumerithi mpaka leo.

Basi mfuko wa tatu ulikuwa na nini? Ulikuwa na msaragambo wa kubeba mawe na miti. Ulikuwa na akina mama waliochota maji ya kukandia udongo, wakati mwingine kwa shule ambayo binti zao hawakupelekwa, maana ada ikiwa ya mtoto mmoja, alipelekwa wa kiume. Ulikuwa na mwalimu aliyelima asubuhi na kufundisha baadaye. Hakuna mkaguzi aliyeandika vitu hivyo kuwa fedha, kwa sababu havikupita kwenye sanduku la fedha.

Biblia ina namna nyingine ya kutunza hesabu. Katika sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia, ukuta wa Yerusalemu unapojengwa upya, hatusomi gharama yake. Tunasoma majina, mmoja baada ya mwingine, na kipande alichojenga kila mtu. Wamo makuhani, wafua dhahabu na wafanya biashara. Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Hata wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama kufanya kazi wametajwa.

Hesabu ya namna hiyo inatuhusu sasa. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule nyingi zilizokuwa za misheni zilichukuliwa na serikali, nao Wakristo wengine bado husema zilikuwa mali yetu. Lakini zilikuwa za nani, ikiwa kodi ya wote ililipa walimu na mikono ya kijiji kizima ilisimamisha kuta? Tena mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na tunasikia mzazi akisema kwamba shule sasa ni kazi ya serikali peke yake. Wote wawili wamesahau mfuko wa tatu.

Hatusemi mzazi maskini abebeshwe tena mzigo ambao kodi yake imekwisha kuulipia. Tunasema kwamba kila usharika wenye shule jirani, iwe ya kanisa au ya serikali, uwaulize wazee wake wakingali hai: nani aliyetoa kiwanja, nani aliyebeba mawe, nani aliyefundisha bila mshahara, na nani aliyelipa kodi lakini mtoto wake hakuingia darasani. Majina hayo yaandikwe, ya Wakristo na ya wasio Wakristo. Kisha tuangalie ni mtoto wa nani leo anayebaki nje ya mlango, tuanze naye.