Vumbi la Angani na Hewa Ivutwayo: Historia ya Vipimo Viwili

Tangu tarehe 5 hata 9 Desemba 1952, mji wa London ulifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo vipatavyo 4,000. Wataalamu wa baadaye waliiongeza hata ikafikia 12,000. Moshi ule ulionekana kwa macho. Lakini mwaka 1993 uchunguzi wa miji sita ya Marekani ulidhihirisha kwamba palipozidi chembe ndogo zisizoonekana, vifo navyo vilizidi. Mwaka 1997 serikali ya nchi hiyo ikaweka mpaka wa chembe zisizozidi mikroni 2.5.

Vyombo vya kupimia chembe hizo ni vya gharama, na nchi nyingi hazikuwa navyo. Desemba 1999 Marekani ilirusha setilaiti ya Terra, na mwaka 2002 ile ya Aqua. Chombo cha MODIS kilichomo ndani yake hakipimi uzito wa vumbi, bali nuru ya jua irudishwayo angani. Kwa nuru hiyo hukadiriwa wingi wa chembe katika hewa yote, tangu ardhini hata juu. Msemaji wa Kiswahili hutenga vumbi na moshi. Kipimo hiki huvijumlisha.

Mwaka 2003 Jun Wang na Sundar Christopher walilinganisha vipimo hivyo na vya vituo saba vya Alabama, wakapata uwiano wa 0.7. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ulinganifu ulikuwa mwema mashariki mwa Marekani, na dhaifu magharibi. Sababu si ngumu kufahamika. Moshi upitao juu sana huonekana na setilaiti, wala haumfikii avutaye pumzi chini; unyevu huvimbisha chembe; mawingu huziba; na ardhi nyeupe ya jangwa huchanganya nuru.

Mwaka 2010 Aaron van Donkelaar na wenzake walitumia mfano wa hewa uliokokotolewa kwa kompyuta, wakachora ramani ya chembe hizo kwa dunia nzima. Basi hata nchi zisizo na vyombo zikapata makadirio. Lakini hapo ndipo penye shaka: penye vituo vichache, kama sehemu nyingi za Afrika, makadirio hayo hukosa shahidi wa kuyasahihisha. Setilaiti haikuondoa haja ya chombo cha chini, imeidhihirisha zaidi.