Masoko na maduka ya Unguja: Kipi cha kisiwa, kipi kimeletwa?

MGENI anaposhuka chomboni katika Bandari ya Malindi, Unguja, huwa hajaenda mbali kabla ya kulakiwa na wauzaji. Biashara ya vitu vya kumbukumbu imejaa tele katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutambua kuwa Turathi ya Dunia mnamo 2000.

Hata hivyo, si kila kinachouzwa humo kwa jina la Zanzibar kilichotengenezwa Zanzibar. Tofauti hiyo ndiyo huamua ni nani anayefaidika na fedha za mgeni.

Soko la Darajani

Soko kuu la kisiwa hicho ni Darajani, ambalo jengo lake la kale ni la mwaka wa 1904. Jina hilo latokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Maji hayo yalifukiwa baadaye, daraja likatoweka, jina likabaki.

Darajani ni soko la wenyeji kabla ya kuwa la watalii. Samaki hunadiwa humo, nao akina mama hununua ndizi, muhogo na nazi za chakula cha siku. Viungo vinavyopatikana hapo aghalabu huwa na bei nafuu kuliko katika maduka yaliyolenga wageni.

Karafuu, mdalasini, hiliki, pilipili manga na kungumanga hustawi visiwani. Zafarani haistawi. Kinachouzwa rahisi kwa jina hilo mara nyingi huwa ni maua mengine yaliyokaushwa, au manjano.

Mbali na masoko ya kale, yapo pia majumba ya kisasa ya biashara, likiwemo Michenzani Mall la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF). Humo wateja wengi ni wenyeji, na bei huwa imeandikwa.

Mitaa ya watalii

Maduka ya kumbukumbu yamesongamana katika mitaa ya Gizenga na Hurumzi, na katika Barabara ya Kenyatta, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Kenya. Hapa bei hupatanwa, na bei ya kwanza kutajwa si ya mwisho.

Anayeongozwa dukani na kijana wa mtaani aghalabu hulipa zaidi, kwa kuwa kijana huyo hupewa fungu lake na mwenye duka. Wenyeji huwaita vijana hao papasi, jina la aina ya kupe.

Bidhaa nyingi katika mitaa hiyo zimevuka bahari. Picha za Tingatinga zilianzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, zikipewa jina la mwasisi wake, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972. Vinyago vya mpingo ni sanaa ya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Mkenya naye huenda akakutana na kazi ya nyumbani kwao: vinyago vya Wakamba, au vya mawe kutoka Tabaka, Kisii. Hata kanga, vazi lenye asili katika pwani hii, nyingi huchapishwa India.

Kazi ya mikono ya wenyeji

Anayetaka kitu cha kisiwa hana budi kutafuta makasha na milango ya nakshi ya mafundi wa huko, mikeka na vikapu vya ukili, mafuta ya nazi na sabuni za mwani.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mnamo 1989 katika pwani ya mashariki, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani mkavu huuzwa nje kwa bei ya chini, na kupanda kwa joto la bahari kumeathiri aina yenye bei nzuri zaidi. Mwani huo ukigeuzwa sabuni, sehemu kubwa ya thamani yake hubakia kijijini.

Vya kuepukwa

Bidhaa za magamba ya ng'amba na pembe za ndovu zimepigwa marufuku katika biashara ya kimataifa, na mgeni anaweza kukamatwa nazo mpakani.

Makombe makubwa ya bahari nayo ni heri yaachwe. Miongoni mwa konokono hao yumo anayemla kiti cha pweza mwenye miiba, adui wa matumbawe. Konokono huyo akimalizwa kwa ajili ya pambo la mezani, miamba inayohifadhi samaki hudhoofika, na hasara hiyo humrudia mvuvi anayepeleka samaki wake mnadani Darajani.