Kiwanja kimoja, zaidi ya miaka 700: historia ya klabu ya bule ya Southampton

Ku Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, kuko kiwanja kidogo cha majani karibu na bahari. Hakuna magoli, hakuna jukwaa kubwa. Ukipita hapo bila kujua, unaweza kufikiri ni bustani ya mtu. Kumbe hapo ndipo watu wa mji wanachezea bule tangu mwaka wa 1299. Ni kusema kiwanja hiki ni kizee kuliko nchi nyingi ambazo ziko leo ku ramani ya dunia.

Tuko na viwanja vya michezo vingi ambavyo vijana walichezea, na leo vimekuwa parseli na nyumba. Ndiyo maana historia ya klabu hii inatupasa: kiwanja cha watu kinadumu namna gani? Nani alikilinda? Na nani alifungiwa mlango?

Ni mchezo gani?

Wengi wetu tunajua petanki, ile ya Wafaransa, ambayo wanarusha mipira ya chuma ku mchanga. Bule za majani ni ndugu yake, lakini hazirushwi hewani. Mchezaji anainama na kuviringisha mpira mkubwa ku majani yaliyokatwa mafupi sana, sawa zulia. Kwanza wanaviringisha mpira mdogo mweupe. Tuuite kibule. Kisha kila mtu anatafuta kuleta bule zake karibu na kile kibule kupita za mwenzake. Ule ambaye bule yake iko karibu zaidi, ndiye anapata pointi.

Inaonekana rahisi, lakini iko na siri. Bule haiko mviringo kamili: upande mmoja umechongwa tofauti kidogo na ule mwingine. Juu ya ile, haiendi moja kwa moja. Kadiri inapoteza mwendo, inapinda kwenda upande mmoja. Mchezaji sherti alenge pembeni ili mpira urudi wenyewe mu njia. Kwa hiyo nguvu hazisaidii sana, na mzee wa miaka 75 anaweza kumshinda kijana wa miaka 20 bila shida.

Zamani bule zilichongwa mu mbao. Kuanzia karne ya 16, meli zilileta kutoka visiwa vya Karibi mti mmoja mzito sana, ambao ukiutupa mu maji unazama. Mti huo ndio ulitumika kwa miaka mingi. Leo bule ni za plastiki ngumu, na nzito kabisa hazipite kilo moja na nusu na kidogo. Lakini mpaka sasa wazee mu Uingereza bado wanaziita “mbao”.

Mwanzo: kiwanja cha nyumba ya wagonjwa

Karibu na ukuta wa zamani wa Southampton, kulikuwa nyumba ya kanisa iliyopokea wagonjwa, maskini na wasafiri. Iliitwa Nyumba ya Mungu, na ilijengwa mwisho wa karne ya 12. Kufuatana na desturi ya klabu, kile kiwanja kilikuwa sehemu ya wazi ya mkubwa wa nyumba hiyo, pahali pa kupumzikia. Mwaka wa 1299 ndio unahesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo hapo.

Tuseme ukweli: mwaka ule hapakuwa komite, wala karte ya memba, wala katiba. Kulikuwa tu kiwanja na watu wa kucheza. Klabu sawa vile tunaijua leo ilikuja kidogo kidogo nyuma. Pia haiko Southampton peke yake yenye kudai uzee. Klabu ya Chesterfield, kaskazini zaidi, inasema yenyewe ilianza mwaka wa 1294. Ubishi huo haujaisha. Lakini Southampton ndiyo inatajwa mara nyingi kuwa kiwanja cha zamani kuliko vyote ambacho bado kinachezewa.

Wakati mchezo ulikuwa kosa

Watu hawakuachwa wacheze kwa amani. Wakati ule wafalme wa Uingereza walikuwa mu vita vya mara kwa mara na Ufaransa, na silaha yao kubwa ilikuwa upinde na mishale. Kijana akipoteza siku yake ya kupumzika ku bule, hajifunzi kutupa mishale. Juu ya ile, mfalme Edward III alikataza michezo ya namna hiyo. Mwaka wa 1388 Richard II akarudilia.

Sheria iliyoumiza watu zaidi ilikuja mwaka wa 1541, wakati wa mfalme Henry VIII. Ilisema hivi: mafundi, vibarua na watumishi wasicheze bule siku yoyote, isipokuwa Noeli. Na hata ku Noeli, wachezee mu nyumba ya bwana wao, na bwana mwenyewe akiwa hapo. Anayecheza nje ya bustani yake alipaswa kulipa faini ya shilingi 6 na peni 8. Kwa kibarua, ile ilikuwa makuta ya siku nyingi za kazi. Lakini mtajiri mwenye mashamba ya kuingiza pauni 100 kwa mwaka aliweza kuomba ruhusa na kucheza ku kiwanja chake mwenyewe.

Ni kusema mchezo wenyewe haukuwa kosa. Kosa ilikuwa maskini kuucheza. Henry VIII mwenyewe alikuwa anaupenda na kuucheza. Sheria hiyo ilibaki mu vitabu miaka zaidi ya 300, na ilifutwa tu mwaka wa 1845. Wakati wote huo watu waliendelea kucheza, mara kwa kujificha, mara mbele ya viongozi waliofunga macho.

Kuko hadisi moja ya wakati ule ambayo kila Mwingereza anaijua. Mwaka wa 1588, meli za vita za Uhispania zilikuwa zinakaribia. Inasimuliwa kwamba kapiteni Francis Drake alikuwa anacheza bule ku Plymouth, na alikataa kuondoka mbele ya kumaliza mchezo. Wanahistoria wengi wanaona ni masimulizi tu, juu maandishi ya mwaka ule hayaisemi. Lakini inaonyesha ginsi watu walivyouweka mchezo huu mu moyo.

Mwaka 1776: mashindano ya “mashujaa”

Tarehe 1 Mwezi wa nane 1776, mwezi mmoja tu nyuma ya Marekani kutangaza uhuru wake, klabu ya Southampton ilianza shindano ambalo linaendelea mpaka leo. Kanuni zake hazifanani na za pahali pengine.

Waarbitri ni wale walioshinda miaka iliyopita. Wanaitwa “mashujaa wa kiwanja cha zamani”, na wanasimamia mchezo wakivaa makoti marefu na kofia ndefu nyeusi. Wanaweka senti moja ya chuma ku majani, na kibule kinawekwa juu yake. Kila mchezaji anaviringisha bule mbili. Waarbitri wanapima kwa uangalifu na kutoa pointi. Wa kwanza kufikia pointi 7 ndiye mshindi. Juu mu kila duru kunatoka pointi kidogo sana, na wachezaji ni wengi, shindano linaweza kuchukua siku kadhaa.

Mshindi anavalishwa medali, na ndani ya klabu anaitwa “Sir”, sawa vile mtu aliyepewa heshima na mfalme. Mfalme hajui kitu mu ile: ni heshima ya klabu yenyewe. Lakini iko na bei yake. Anayeshinda mara moja hana ruhusa ya kushindana tena maisha yake yote. Kuanzia hapo kazi yake ni kusimamia wengine.

Hapa kuko hekima. Mu mashirika mengi, mtu akishapanda hapendi kushuka. Southampton waliweka kanuni ambayo inamlazimisha mshindi kuacha nafasi na kuwa mlinzi wa mchezo. Kila mwaka sherti jina jipya litoke.

Mashini ya majani na kanuni moja

Mu karne ya 19 vitu viwili vilibadilisha mchezo huu. Cha kwanza ni mashini ya kukata majani, ambayo Edwin Budding aliitengeneza mwaka wa 1830. Mbele ya ile, majani yalikatwa kwa mikono na mundu mrefu, ao kondoo ndio waliyala. Mashini ilifanya klabu ndogo ya wafanyakazi iweze kuwa na kiwanja kizuri bila watumishi wengi.

Cha pili ni kanuni. Kila mji ulicheza kwa namna yake. Ku Glasgow, mu Scotland, klabu zilikutana, na William Wallace Mitchell akaandika kanuni za pamoja mwaka wa 1849. Scotland iliunda shirikisho lake mwaka wa 1892. Uingereza ilifuata mwaka wa 1903, na prezida wa kwanza alikuwa W.G. Grace, daktari aliyekuwa na sifa kubwa sana mu mchezo wa kriketi. Mwaka wa 1905 bodi ya kimataifa ilizaliwa. Mwaka wa 1930 bule ziliingia mu Michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, ku Hamilton, Kanada. Tangu hapo hazikukosekana isipokuwa mwaka wa 1966 tu.

Waliofungiwa mlango

Mchezo ulikuwa umetoka mu mikono ya mabwana, lakini wamama walibaki nje ya uzio miaka mingi. Klabu nyingi ziliwapokea tu kwa kutayarisha chai. Wamama wa Uingereza waliunda shirikisho lao wenyewe mwaka wa 1931. Ku Michezo ya Jumuiya ya Madola, walipata nafasi ya kushindana mu bule mwaka wa 1982 tu, ku Brisbane, Australia, miaka 52 nyuma ya wababa. Mashirikisho mawili ya Uingereza, la wababa na la wamama, yaliungana mwaka wa 2008.

Mu Afrika, mchezo uliingia pamoja na ukoloni wa Waingereza. Klabu ya kwanza ya Afrika Kusini ilianza mwaka wa 1882 ku Port Elizabeth, mji ambao leo unaitwa Gqeberha. Viwanja vilijengwa pia Kenya na Zambia. Wakati wa ukoloni vilikuwa vya wazungu. Mwafrika aliingia kwa kukata majani ao kubeba vinywaji. Mwaka wa 1976, wakati wa ubaguzi wa rangi, mashindano ya dunia yalifanyika Johannesburg, na Afrika Kusini ilichukua medali zote za zahabu. Lakini Waafrika walio wengi wa nchi ile hawakuwa na njia ya kuingia mu timu. Ku Michezo ya Jumuiya ya Madola, Afrika Kusini ilirudi mwaka wa 1994 tu, wakati ubaguzi ulikuwa umeanguka.

Leo mlango umefunguka zaidi. Watu wasioona na walemavu wanashindana: mwenzi anawaelekeza kibule kiko wapi, na wao wanaviringisha kwa sauti na kumbukumbu.

Shida za leo

Southampton yenyewe ilipigwa mabomu vibaya mu vita ya pili ya dunia, zaidi sana Mwezi wa kumi na moja 1940. Sehemu kubwa ya mji iliharibika. Kiwanja cha bule kiko bado.

Hatari ya sasa haitoke mu ndege. Memba wa klabu nyingi za Uingereza wamezeeka, na vijana wanaoingia ni kidogo. Majani yanaomba maji, mashini na mtu wa kuyatunza kila siku, kuanzia Mwezi wa nne mpaka wa tisa. Viongozi wa miji, wakikosa makuta, wanaacha kulipia kazi hiyo na kuwaambia wanaklabu wajitegemee. Na mu miji ambako udongo ni bei kali, kiwanja cha majani kinawatamanisha wajenzi wa nyumba. Klabu zinazoishi ni zile zilizofungua mlango: siku ya watoto wa masomo, siku ya familia, kuazima bule bila kulipa.

Tukirudilia maulizo ya mwanzo: nani alilinda kile kiwanja? Haikuwa mfalme, juu wafalme ndio walikikataza. Haikuwa leta peke yake. Ni watu waliorudi hapo kila mwaka, wakakata majani, wakapima pointi, na yule aliyeshinda akakubali kusimama pembeni ili mwingine acheze.

Miaka ya kukumbuka

1299: mwanzo wa mchezo ku kiwanja cha Southampton.
1541: sheria ya Henry VIII inakataza wafanyakazi kucheza isipokuwa Noeli.
1776: shindano la “mashujaa” linaanza.
1845: sheria ya 1541 inafutwa.
1849: kanuni za pamoja ku Glasgow.
1882: klabu ya kwanza ya Afrika Kusini.
1903: shirikisho la Uingereza.
1931: shirikisho la wamama wa Uingereza.
1982: wamama wanaingia mu bule za Jumuiya ya Madola.
2008: wababa na wamama wa Uingereza wanaunga shirikisho moja.