Elimu ya Khati katika Uchina

Tangu zamani za kale, mtoto wa Kichina aliyepelekwa kwa mwalimu kujifunza kuandika hakuanza na alifabeti, kwani lugha yake haikuwa nayo, bali alianza na kalamu ya manyoya, wino na subira. Katika karne ya 6, kwa amri ya Mfalme Wu wa nasaba ya Liang, mwanachuoni Zhou Xingsi alitunga utenzi wa herufi 1,000 pasipo kurudia hata moja, nao ukawa msingi wa masomo ya watoto kwa karne nyingi. Mwanafunzi alifuatisha kalamu yake juu ya herufi zilizokwisha kupigwa kwa wino mwekundu, akizingatia kwamba kila mstari una zamu yake, wa juu kabla ya wa chini, wa kushoto kabla ya wa kulia. Mafundi wa khati waliitukuza mno herufi 永, kwa kuwa ndani yake zimekusanyika namna 8 za asili za kupitisha kalamu, nayo ndiyo inayofungua dibaji mashuhuri ya mashairi aliyoiandika fundi wa khati Wang Xizhi mwaka 353. Mwaka 1956 serikali ilirahisisha herufi nyingi ili elimu iwafikie raia wote, lakini utaratibu wa mistari haukutupwa, na ni haki usitupwe, maana mkono uliotiwa adabu huisaidia akili kuhifadhi.