Likizo ya ugonjwa kwa vibarua wa Kariakoo

Likizo ya ugonjwa kwa vibarua ni haki ya mtu anayefanya kazi kwa kuitwa, bila kuahidiwa saa wala siku, kuendelea kupata ujira anapougua. Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, watu hawa ndio wanaoshusha makontena, kupanga stoo, kusukuma mikokoteni na kushika zamu za dukani kama deiwaka, yaani vibarua wa kutwa. Sheria ya Tanzania Bara haina mkataba wa saa sifuri, yaani wa kuitwa bila kuahidiwa saa, kwa jina hilo. Ajira zao huangukia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005.

Misingi ya sheria

Kifungu cha 32 cha sheria ya Bara kina ukarimu mkubwa. Mfanyakazi hupata siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Akishindwa kuleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 hutoa siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka, lakini haki hiyo huanza baada ya miezi 2 tu ya kazi mfululizo.

Bara kizingiti ni miezi 6, na hapo ndipo kibarua hukwama. Kifungu cha 29 humnyima likizo yenye malipo asiyefikisha muda huo. Hata hivyo kifungu hichohicho kina aya muhimu isiyosemwa vya kutosha: aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule hujumlishiwa vipindi vyake, na jumla ikizidi miezi 6 anastahili kulipwa. Mfanyakazi wa msimu naye ameondolewa sharti hilo. Kijana anayeitwa na tajiri mmoja kila mzigo wa China unapofika anaweza kuwa na haki kamili bila yeye wala tajiri kuihesabu.

Nani ni mfanyakazi

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, humchukulia mtu kuwa mfanyakazi ikiwa, kwa mfano, saa zake hupangwa na mwingine, anamtegemea huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 ni siku 5 tu za saa 9. Lakini mchukuzi anayelipwa na mteja huyu kisha yule hana mwajiri wa kumdai.

Ushahidi na madai

Mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Kinga hii nzuri haimhusu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Malipo ya kila jioni, mkononi na bila saini, humwacha kibarua bila karatasi ya kuonyesha alianza lini, hata kama mtaa mzima unamfahamu.

Historia

Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Mgomo wa 1947 ulianzia bandarini ukaenea bara kufuata reli.

Hali ya sasa

Anayeumia kazini hulindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kwa michango ya waajiri. Malaria ya kawaida haimo katika kinga hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inahusu gharama za matibabu, si ujira wa siku ambazo mgonjwa amelala nyumbani.